Nani Anayesema "Mimi"? Nyimbo za Koizumi Kyoko, Aidoru Aliyegeuka Mwigizaji

Novemba 1985, kampuni ya santuri ya Victor ilitoa wimbo mpya wa msichana wa miaka 19 aitwaye Koizumi Kyoko. Koizumi ni jina la ukoo, maana Wajapani hulitanguliza. Mashabiki walimwita Kyonkyon na mpaka leo humwita hivyo. Mdundo wa wimbo ni wa kukimbia, kiitikio kinanasa papo hapo, na asiyejua Kijapani atadhani ni wa kuchangamshia karamu tu. Lakini sikiliza anachosema. Anasema yeye ni aidoru, yaani nyota kijana wa nyimbo. Anasema taswira ndiyo mtaji, kwa hiyo lazima aonekane msafi, mwadilifu na mrembo. Mapenzi anayataka, kashfa haitaki. Na liwalo na liwe, uaidoru hauachi. Wimbo unaitwa "Nantettatte Idol", jina ambalo mimi ningeliweka hivi kwa Kiswahili: "Semeni Msemavyo, Mimi ni Aidoru".

Ulipanda hadi nambari moja kwenye chati ya Oricon, inayopanga santuri za Japani kwa mauzo. Tangu hapo, kila anayetaka kueleza aidoru wa Japani ni kitu gani huishia kuutaja, na nadhani ana haki. Umebeba fumbo ambalo nyimbo nyingine za aina yake hulificha: huyo anayesema "mimi" ndani ya wimbo ni nani hasa?

Sauti ni ya Koizumi. Maneno si yake. Aliyeyaandika ni Akimoto Yasushi, mwanamume aliyekuwa na miaka 27 wakati huo. Muziki ni wa Tsutsumi Kyohei, wa miaka 45, aliyetunga nyimbo nyingi zilizopendwa Japani kiasi kwamba santuri zake zimeuza zaidi ya nakala milioni 70. Kwa aliyelelewa na taarabu hili si geni: shairi lina mwenyewe na sauti ina mwenyewe, na hakuna anayeona ajabu. Tofauti iko kwenye ahadi anayopewa msikilizaji. Hakuambiwa kwamba anasikia shairi zuri likiimbwa vizuri. Aliambiwa kwamba huyu ndiye msichana mwenyewe, umri wake ndio huu, moyo wake ndio huu.

Neno "aidoru" lilienea Japani baada ya filamu ya Kifaransa yenye neno "idole" katika jina lake, iliyotoka mwaka 1963 na kuonyeshwa Japani mwaka uliofuata, pamoja na wimbo wa Sylvie Vartan uliopendwa sana. Kufikia miaka ya 70 neno lilikuwa limepata maana ya Kijapani kabisa: kijana, mara nyingi bado mwanafunzi, ambaye umma unamfuata akikua mbele ya macho yake. Hakutakiwa awe fundi wa kuimba. Kutetereka kwa sauti, aibu mbele ya kamera, machozi siku ya ushindi, vyote vilikuwa sehemu ya bidhaa.

Mlango mkubwa wa kuingilia ulikuwa kipindi cha Nippon Television kilichoitwa "Star Tanjō!", yaani "Nyota Azaliwa!", kilichorushwa kuanzia 1971 hadi 1983. Watoto wa watu walipanda jukwaani, wakaimba, na katika fainali wawakilishi wa kampuni za santuri na ofisi za kusimamia wasanii waliinua mabango yenye majina ya kampuni zao kuonyesha kwamba wanamtaka. Yamaguchi Momoe alipita hapo. Pink Lady walipita hapo. Nakamori Akina pia, na wote wakawa nyota wakubwa. Koizumi, aliyezaliwa Februari 1966 katika mji wa Atsugi, mkoa wa Kanagawa, alipita hapo mwaka 1981.

Bango likishainuliwa, kazi iligawanywa. Ofisi ilimmiliki msanii: ratiba yake, picha zake, mahali pa kuonekana na maneno ya kuwaambia waandishi. Kampuni ya santuri ilimweka mwongozaji wa studio, ambaye ndiye aliyeagiza maneno kwa mtu mmoja, muziki kwa mwingine na mpangilio wa ala kwa wa tatu. Kila baada ya miezi mitatu au minne wimbo mpya ulitakiwa uwe tayari, pamoja na mavazi yake na miondoko ya kuchezea. Kisha televisheni ikauchukua. Katika "The Best Ten", kipindi cha televisheni ya TBS, kila Alhamisi usiku, nafasi za nyimbo zilipangwa kwa kujumlisha mauzo ya santuri, maombi ya redio na kadi za posta za watazamaji. Msichana mwenyewe aliufikia wimbo mwishoni kabisa, kila kitu kikiwa kimekwisha amuliwa.

Wimbo wa kwanza wa Koizumi unaonyesha jambo hili waziwazi. Ulitoka Machi 1982 kwa jina la "Watashi no 16-sai", yaani "Miaka Yangu 16". Ni kweli alikuwa ametimiza miaka 16 mwezi mmoja kabla. Ila wimbo ulikuwa wa zamani: mwimbaji mwingine alikuwa ameshaurekodi mwaka 1979 kwa jina jingine, na hata hizo 16 hazikuwamo kwenye jina hilo. Walichofanya wakubwa ni kuuchukua, kuubandika umri wa msichana mpya, kisha kuuleta sokoni kama maungamo yake. Hilo "yangu" liliwekwa na ofisi. Silitaji kwa ubaya. Ndivyo duka lilivyoendeshwa, na ndivyo wote wa mwaka ule walivyoanza. Mwaka wenyewe ulijaa vipaji hadi ukapewa jina la kundi la maua la 82: Nakamori Akina, Hayami Yu, Matsumoto Iyo, Ishikawa Hidemi, Hori Chiemi na Koizumi. Katika kundi hilo Koizumi hakuanza kwa kishindo. Alivaa kama wengine, akaimba kama wengine, na nywele zake zilitengenezwa kwa mtindo wa Matsuda Seiko, malkia wa siku zile, ambao karibu kila msichana aliuiga.

Halafu akazikata. Mwaka 1983, bila kuiuliza ofisi, aliingia saluni akatoka na nywele fupi kama za mvulana. Nywele za aidoru zilikuwa kama nembo ya bidhaa, wala hazikuwa za kuchezea. Lakini Mei mwaka huo ukatoka wimbo uliokaa sawasawa na kichwa kile kipya, "Makka na Onna no Ko", "Msichana Mwekundu Pyuu", maneno ya Kan Chinfa na muziki wa Tsutsumi, ukamwingiza kwenye kumi bora. Machi 1984 Kan Chinfa huyohuyo, safari hii pamoja na mtunzi Makaino Koji, alimtungia "Nagisa no Haikara Ningyo", "Nguva wa Kileo Ufukweni", na huo ndio ukawa wa kwanza wake kushika nambari moja.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Koizumi hakuwa ameandika neno hata moja. Lakini mkasi ule ulikuwa kauli yake, na watunzi waliisikia. Kuanzia hapo nyimbo zake zinamchora msichana mtukutu anayetazama kamera machoni na kujua kwamba anatazamwa. Ukisoma majina tu unaona: nguva, kisha Septemba 1984 "Yamato Nadeshiko Shichihenge". Yamato nadeshiko ni ua, na ni jina la heshima la mwanamke wa Kijapani aliyekamilika kwa upole na staha. Shichihenge ni kubadilika sura mara saba. Msichana mpole, lakini ana sura saba. Kazi ya mwigizaji ni ipi tena kama si hiyo?

Kwa hiyo Akimoto alipomwandikia "Nantettatte Idol" mwaka 1985, hakubuni hewani. Aliandika kile ambacho Koizumi alikuwa ameshaanza kukionyesha: kwamba aidoru ni nafasi ya kuigiza, na kwamba mwenye kuiigiza anaweza kukonyeza jicho huku akiendelea kuiigiza. Hata yale maneno "msafi, mwadilifu, mrembo" hayakutoka hewani. Ni kaulimbiu ya kundi maarufu la maigizo la Takarazuka, ambalo waigizaji wake wote ni wanawake na linajulikana kwa nidhamu kali. Msikilizaji wa Japani aliitambua mara moja, kwa hiyo alijua kwamba anasikia jukwaa likizungumza juu ya jukwaa.

Mwaka huohuo, Aprili, televisheni ya Fuji ilikuwa imeanzisha kipindi cha jioni kilichozaa kundi la Onyanko Club: wasichana wengi kwa pamoja, waliotangazwa kama wanafunzi wa kawaida wanaopita tu baada ya masomo. Nyimbo zao nyingi ziliandikwa na Akimoto huyohuyo, ambaye mwaka 2005 angeanzisha AKB48. Basi kalamu moja iliuza uaidoru kwa mkono mmoja na kuufunua kwa mkono wa pili, ndani ya miezi michache. Wimbo wa kufunua ungeweza kuikaushia kisima kazi ya aliyeuimba. Ukitamka hadharani kwamba usafi wako ni taswira, nani atakuamini kesho unapoimba wimbo wa huzuni? Waimbaji wengi wa rika lake wasingeupona. Koizumi aliupona kwa sababu hakuwa amewaahidi watu kwamba yeye hana siri.

Mwaka uliofuata alithibitisha. Novemba 1986 aliimba "Kogarashi ni Dakarete", maneno ya Yukawa Reiko na muziki wa Takamizawa Toshihiko wa bendi ya The Alfee. Kogarashi ni upepo mkavu wa baridi unaokuja mwishoni mwa majira ya majani kupukutika, na jina lasema amekumbatiwa na upepo huo. Hakuna kukonyeza hapa. Ni wimbo wa upendo usiofika, wenye mwendo wa farasi na tuni ya huzuni, na mimi ndio ninaoupenda kuliko wote wa miaka ile. Mwaka 1985 "mimi" ni mjanja wa mjini. Mwaka 1986 "mimi" ni mtu aliyeachwa kwenye baridi. Wasikilizaji waliwakubali wote wawili.

Kuna tawi jingine la biashara hii lisilopaswa kusahaulika: wimbo uliofungwa na kitu kingine. Kampuni kubwa za vipodozi za Japani, Shiseido na Kanebo, zilishindana kila msimu kwa rangi mpya ya mdomo na wimbo mpya wa kuitangaza. "Mizu no Rouge" wa 1987, yaani "Rangi ya Mdomo ya Maji", ulikuwa wa Kanebo. Maneno aliandika Matsumoto Takashi, na muziki, kwa mara nyingine, ni wa Tsutsumi. Kwa wimbo kama huo "mimi" ni yule mwanamke wa kwenye tangazo. Mwaka 1988 aliongoza katika filamu ya vichekesho "Kaitō Ruby", ambamo ni mwizi mrembo, pamoja na Sanada Hiroyuki, yuleyule ambaye dunia ilimfahamu upya mwaka 2024 kwa tamthilia ya "Shōgun". Mwongozaji Wada Makoto aliandika mwenyewe maneno ya wimbo wa filamu, na muziki ukatungwa na Ohtaki Eiichi. Sasa "mimi" ni mhusika mwenye jina na kazi yake. Uimbaji na uigizaji vilikuwa vimeanza kushonwa kwa uzi mmoja.

Mwaka 1989 alifanya mambo mawili yanayoonekana kupingana. Alitoa albamu "Koizumi in the House", aliyoitayarisha na Chikada Haruo, iliyojaa midundo ya hausi iliyokuwa ikivuma kwenye kumbi za usiku za Chicago na London, kabla ya wasikilizaji wengi wa kawaida Japani kuijua. Na Novemba akarekodi upya "Gakuen Tengoku", wimbo wa mwaka 1974 wa kundi la watoto lililoitwa Finger 5, ukawa wimbo wa tamthilia ya Fuji ambayo yeye mwenyewe aliigiza ndani yake. Mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma. Wa pili ndio uliofungua njia, kwa sababu tamthilia za televisheni zilikuwa karibu kuwa mashine kubwa kuliko vipindi vya muziki. "The Best Ten" ilikuwa imefungwa Septemba mwaka huohuo. Watu hawakungoja tena Alhamisi kusikia wimbo. Waliusikia kila wiki mwishoni mwa sehemu ya tamthilia, machozi yakiwa bado hayajakauka, kesho yake wakaenda kununua CD ndogo ya sentimita 8.

Hivyo ndivyo ulivyokuja wimbo wake uliouza kuliko yote. Aprili 1991 TBS ilianza kurusha "Papa to Nacchan", "Baba na Nacchan". Tamura Masakazu ni baba, Koizumi ni binti aliyekua na sasa anakaribia kuolewa. Mei ukatoka "Anata ni Aete Yokatta", "Nashukuru Nilikutana Nawe". Muziki ni wa Kobayashi Takeshi. Maneno ni ya Koizumi Kyoko.

Uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Na mwandishi wa maneno, safari hii, ndiye mwenye sauti. Basi fumbo limefumbuliwa? Hapana, limekazwa. Maneno yenyewe ni mepesi mno: shukrani kwa mtu ambaye msemaji ameachana naye, bila kinyongo, pamoja na tumaini kwamba yule mtu naye anamkumbuka. Ukiusikia redioni ni wimbo wa mpenzi wa zamani. Ukiusikia baada ya tamthilia, ni binti anamwambia baba yake. Maneno hayabadiliki hata herufi moja. Kijapani kinaruhusu jambo hili kwa sababu "anata", neno la "wewe", halitaji jinsia wala undugu, na sentensi nzima inaweza kupita bila mtendaji kutajwa. Koizumi aliutumia uwazi huo kama fundi. Alipopata kalamu hakuitumia kutuambia siri zake; aliacha nafasi ndani ya "mimi" ambamo mhusika wake, yeye na msikilizaji wangeweza kukaa wote kwa pamoja. Huo ni ujuzi wa mwigizaji, na aliufundishwa na miaka tisa ya kuimba maneno ya watu.

Baada ya hapo filamu zilimchukua taratibu. Mwaka 2001 alikuwamo katika "Kaza-hana" na Asano Tadanobu, filamu ya mwisho ya mwongozaji Somai Shinji, aliyefariki mwaka huohuo. Kisha "Kūchū Teien" ya mwaka 2005, iliyompatia tuzo ya Blue Ribbon ya mwigizaji bora wa kike. Katika "Tokyo Sonata" ya Kurosawa Kiyoshi, iliyopata tuzo ya majaji katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2008, ni mama wa nyumba ambayo baba amefukuzwa kazi na kuficha. Filamu inaishia kwa mtoto mdogo kupiga piano, "Clair de lune" ya Debussy, wazazi wakisikiliza. Mwanamke ambaye Japani ilimjua kwa sauti yake amepewa kazi ya kunyamaza na kusikiliza, na uso wake unatosha.

Kisha ikaja "Amachan". Hii ni tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ya mwaka 2013, sehemu 156 za dakika 15, iliyoandikwa na Kudo Kankuro na kupigwa picha kwa sehemu yake mjini Kuji, mkoa wa Iwate, pwani ya wanawake wazamiaji iliyopigwa na tsunami ya Machi 11, 2011. Koizumi ni Amano Haruko, mama wa msichana Aki. Mwaka 1984 Haruko alitoroka kijijini kwenda Tokyo kutafuta uaidoru, akaukosa. Sauti yake tu ndiyo iliyofanikiwa: nyota wa sinema Suzuka Hiromi hakuweza kushika tuni, kwa hiyo Haruko akaimba kwa siri badala yake wimbo "Shiosai no Memory", "Kumbukumbu ya Mvumo wa Bahari". Wimbo ukapendwa nchi nzima kwa jina la mwingine.

Tazama jinsi vioo vilivyopangwa. Aidoru halisi wa 1982 anaigiza mwanamke aliyekosa kuwa aidoru. Suzuka Hiromi asiyeweza kuimba anaigizwa na Yakushimaru Hiroko, ambaye tangu mwaka 1981 anajulikana kwa kuimba mwenyewe, kwa sauti safi, nyimbo za filamu zake. Wimbo wenyewe, uliotungwa na Otomo Yoshihide na Sachiko M kwa maneno ya Kudo, umeshonwa makusudi ufanane na za miaka ya 80. Ulipotolewa Julai 2013, jina la msanii juu ya CD lilikuwa Amano Haruko, na la Koizumi likawekwa kwenye mabano. Mhusika ndiye mwimbaji. Mwimbaji ndiye maelezo ya pembeni.

Katika mashairi ya wimbo huo kuna nguva wa mto Sanzu. Sanzu, kwa imani ya Wabudha wa Japani, ni mto ambao wafu huuvuka. Karibu na mwisho wa tamthilia Suzuka Hiromi anakwenda kuimba kwenye pwani ambako maji yalizoa watu. Haruko yuko nyuma ya pazia, kipaza sauti mkononi, tayari kumkopesha sauti kama zamani. Lakini Suzuka anaimba mwenyewe, na tuni anaishika. Anapofika kwenye mstari ule anaubadilisha kwa kugeuza maneno machache tu: nguva si wa mto wa wafu tena, ni nguva tangu vizazi vitatu. Vizazi vitatu viko palepale kijijini: bibi Natsu mzamiaji, Haruko, na Aki. Haruko anashusha kipaza sauti.

Desemba 31, 2013, tamthilia ikiwa imekwisha miezi mitatu, NHK iliiongezea kipande ndani ya tamasha lake la kufunga mwaka, "Kōhaku Uta Gassen", wakakiita sehemu ya 157. Koizumi hakuwa ameimba hapo tangu 1988. Aliingia kama Haruko, mwanamke ambaye hajawahi kupata jukwaa, akaimba "Shiosai no Memory" kwa sauti na jina lake hadharani mbele ya nchi nzima. Kisha Yakushimaru akaingia na kuupokea.